Kijenzi Kilichookoa Lugunda

Hapo zamani, si ile zamani ya fisi na sungura kusalimiana, bali zamani ya karibu, ya umeme na kompyuta, palikuwa na bonde liitwalo Lugunda. Sogeeni mkae. Nitasimulia polepole, maana mwishoni nitawauliza neno, na atakayenijibu ni yule aliyesikia yote.

Watu wa Lugunda walilima mahindi. Mungu aliwapa udongo mweusi na mvua isiyo na hasira. Kila nyumba ilikuwa na kihenge, na kila kihenge kilijaa. Na walikuwa na desturi moja. Mtu akiwaokoa na balaa, mavuno yafuatayo yakifika hupelekewa limbuko, yaani kikapu cha kwanza cha mahindi, kabla mtu yeyote hajatia punje kinywani. Kikapu hicho hakigawanywi. Hubebwa kichwani, bonde zima linaimba nyuma yake, na huingia mlango mmoja tu. Mwisho wa wimbo hutajwa jina moja, na mwenye jina huitika, "Nimepokea!" Kuanzia siku hiyo mbegu ya mwaka ule huitwa kwa jina lake. Mtu hufa, lakini mbegu hupandwa tena na tena. Ndiyo maana hakuna zawadi iliyolizidi limbuko.

Sasa, mdomoni mwa bonde, ndani ya ghala kuukuu la kahawa, palikuwa na nyumba ya vipimo. Humo walikaa wataalamu waliopima afya ya mazao kwa kompyuta. Kazi yao ilikuwa ndefu, kwa hiyo waliikata vipande. Kipande kimoja kilisafisha picha ya punje. Kingine kilihesabu punje. Kingine kiliandika jibu. Kila kipande walikiita kijenzi. Walivifunga pamoja kama mtu anavyofunga mabomba: kinachotoka katika hiki kinaingia katika kile, mpaka jibu linamwagika mwishoni. Na kijenzi kikishatengenezwa, kingeweza kuhifadhiwa katika ghala la vijenzi, ili mwingine akikihitaji akitafute na kukitumia bila kuanza upya.

Ndivyo ilivyopangwa. Lakini wataalamu wale walikuwa na kiburi chao. Hakuna aliyependa kutumia kijenzi cha mwenzake. Walikuwa wakisema, "Kijenzi cha mtu ni mswaki wa mtu." Kila mmoja alitengeneza chake, akakitupa ghalani kwa jina lililomjia kichwani, akaenda zake. Ukifungua ghala lile ulikuta majina haya: Mpya. Mpya Kabisa. Ya Mwisho. Ya Mwisho Kweli. Usiguse. Hata aliyekiweka alikuwa hakijui tena.

Miongoni mwao alikuwapo Zefania, mzaliwa wa bonde lile lile, mume wa Tumwitike. Mwaka mmoja aliletewa karanga zilizoshukiwa kuwa na sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, isiyo na harufu wala ladha, inayoua ini la mtu kimya kimya. Punje yenye ukungu ule ukiimulika kwa taa ya zambarau, hung'aa. Lakini ganda jembamba la karanga nalo hung'aa, hata likiwa zima. Zefania aliuangalia mng'ao huu na mng'ao ule mpaka akajua tofauti yake. Akatengeneza kijenzi cha kuzitenganisha nuru hizo mbili. Akakihifadhi ghalani. Akakiita Ya Mwisho Kweli Sasa. Kisha homa ikamshika, na Mungu akamchukua. Hakuacha mtoto. Aliacha mjane, shamba, na kijenzi ambacho hakuna aliyejua kuwa kipo.

Alitengeneza, akahifadhi, akafa. Huyo ni wa kwanza.

Wa pili alikuwa Sekela, mtunza ghala la vijenzi. Siku moja mkuu wa nyumba ya vipimo, Dakta Lutufyo, alisimama mbele ya meza yake.

"Dada Sekela, ghala limejaa takataka. Vijenzi vyote ambavyo wenyewe wamehama au wamefariki, vifute."

"Dakta, nitajuaje kuwa ni takataka kabla sijavifungua?"

"Huoni majina yake?"

"Naona. Na mimi nyumbani nina mtoto aitwaye Tabu, lakini ndiye anayenifulia."

Dakta akacheka, ila agizo hakuliondoa. Sekela hakufuta. Alimwogopa Dakta, lakini aliogopa zaidi kutupa kazi ya mikono ya mtu aliyelala kaburini. Sisi tuliozika tunamwelewa. Alichukua kijenzi kimoja kimoja. Alikifungua, akakijaribu, akaandika chini yake. Aliandika kinakula nini na kinatoa nini. Aliandika kilitengenezwa na nani. Aliandika kinakosea wapi. Na mwisho aliandika shida kinayoiondoa, kwa maneno ambayo mtu mwenye shida hiyo angeyatumia. Wenzake walimwita Mama Lebo. Wakipita walimtania, "Mama Lebo, niandikie na mimi ninakosea wapi!" Naye alijibu bila kuinua uso, "Wewe karatasi haitatosha."

Alipofika kwenye Ya Mwisho Kweli Sasa alikaa nacho muda mrefu. Kisha akaandika: Kinatofautisha kinachong'aa kwa ugonjwa na kinachong'aa kwa asili yake. Hukosea punje zikiwa na vumbi, pepeta kwanza. Mtengenezaji, Zefania wa Lugunda.

Alifungua, akajaribu, akaandika. Huyo ni wa pili.

Basi mvua ikanyesha wakati wa kuvuna, jambo lisilo la kawaida kule. Mahindi yaliingia vihengeni yakiwa na unyevu. Haikupita muda watoto wakaanza kuvimba matumbo na macho yao kuwa manjano. Wengine walizikwa. Afisa wa serikali akaja na amri: Jumamosi, vihenge vyote vya Lugunda vichomwe moto.

Mnaiona shida yao? Wakila, watakufa kwa sumu. Wakichoma, watakufa kwa njaa. Vihenge vingine vilikuwa vizima na vingine vilikuwa na sumu, lakini vyenye sumu ni vipi? Vipimo vya maabara vilifanyika mji wa mbali, na majibu yangerudi Jumamosi ikiwa imekwisha pita. Wataalamu wakajaribu kwa taa ya zambarau. Ole wao! Mahindi ya Lugunda yana kiini kinachong'aa hata kikiwa kizima. Kompyuta iliona nuru kila mahali, ikasema kila kihenge ni sumu.

Dakta Lutufyo akaamuru, "Kila mtu atengeneze kijenzi kipya cha kutenganisha mng'ao. Kila mtu! Sitaki kumwona mtu akifanya jambo jingine."

Wakainama, wakaanza kutengeneza. Wote isipokuwa Ambakisye. Huyu alikuwa mtaalamu kama wenzake, lakini bibi yake alikuwa akiumwa kule bondeni, na hakuwa na nafasi ya kiburi. Alifungua kisanduku cha kutafutia katika ghala la vijenzi.

"Ambakisye, unafanya nini?" mwenzake akauliza.

"Natafuta."

"Unatafuta mswaki wa nani?"

"Wowote unaosugua meno. Niache."

Aliandika: mahindi, sumukuvu. Hakikuja kitu cha maana. Aliandika: ukungu wa mahindi. Hakikuja kitu. Dakta akapita, akaona.

"Kijana, niliagiza nini?"

"Kutengeneza, Dakta."

"Na wewe?"

"Natafuta, Dakta."

"Jumamosi ikifika mikono yako ikiwa mitupu, usirudi hapa Jumatatu."

"Nimesikia, Dakta," akasema, na akaendelea kutafuta. Kisha akajikemea moyoni: kwa nini ninataja jina la zao? Kijenzi hakijui mahindi wala karanga. Kinajua shida. Shida yangu ni nini? Akaandika: kinachong'aa bila kuwa na ugonjwa. Akabofya.

Kikaja kimoja. Ya Mwisho Kweli Sasa.

Alisoma maelezo yote, hakuruka neno. Akabadilisha humo kipimo cha ukubwa wa punje, kutoka karanga kwenda mahindi. Akatoka mlangoni, akawaita akina mama waliokuwa wamekaa nje wakisubiri hukumu ya chakula chao.

"Mama zangu, leteni nyungo! Kila sampuli ipepetwe kabla haijaingia ndani!"

"Kompyuta nayo inataka mahindi yaliyopepetwa?" mama mmoja akauliza. "Kumbe ina adabu!"

Wakapepeta, na makapi yakaruka mpaka ukutani. Punje zikapigwa picha, picha zikaingia katika kijenzi, na kwa mara ya kwanza nuru ikagawanyika na kila kihenge kikapata jibu lake. Hiki kizima. Hiki kina sumu. Hiki kizima. Hiki kizima. Ambakisye alipiga kelele mpaka Dakta akaja mbio akidhani kompyuta imeshika moto.

Alitafuta, akakosa, akatafuta tena. Huyo ni wa tatu.

Mkutano ukaitwa. Afisa akasema, "Nitachoma vile tu ambavyo kompyuta imevihukumu, iwapo wenyewe mtakubali kula vilivyobaki." Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Kompyuta haina ini. Ikikosea itakufa nini?" Watu wakaitikia, "Kweli! Kweli!" Ikawa wazi kwamba wangeacha vyote vichomwe kuliko kuamini.

Ambakisye akasimama, akasoma maelezo ya kijenzi mbele yao, mpaka neno la mwisho: "Mtengenezaji, Zefania wa Lugunda."

Mwanamke akainuka katikati ya watu. Alikuwa Tumwitike. Alikuwa bado amevaa nguo nyeusi.

"Rudia jina hilo, mwanangu."

"Zefania wa Lugunda, mama."

"Kihenge changu, kijenzi kimesemaje?"

Ambakisye akatazama chini. "Chako kina sumu, mama."

Tumwitike alikwenda nyumbani kwake, na watu wakamfuata. Alichukua kijinga cha moto jikoni, akakitia kwenye kihenge chake mwenyewe, na chakula chake cha mwaka mzima kikawaka. Kisha akageuka.

"Kihenge cha jirani yangu kimesemwa ni kizima. Jirani, nipe unga wako nisonge."

Akasonga ugali mbele ya wote. Akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa chakula kama alivyozoea, akala. Watu walimtazama kama mtu anayevuka mto uliofurika. Akala kesho yake, na siku iliyofuata. Ijumaa jioni alikuwa akichota maji kisimani na kuwagombeza watoto wanaochezea ndoo. Ndipo Lugunda wakaamini. Jumamosi vilichomwa vilivyohukumiwa, na vilivyobaki wakagawana hata waliounguliwa wasilale njaa. Majibu ya mjini yalipofika, yalikuwa sawa na ya kijenzi, kihenge kwa kihenge. Macho ya watoto yakarudi meupe. Bibi yake Ambakisye akainuka kitandani akadai chai yenye sukari nyingi. Hakuzikwa tena mtu kwa sumu ile. Ndugu zangu, vigelegele vya siku ile! Kengele ya kanisa iligongwa mpaka kamba ikakatika, na mgongaji akaendelea kuipiga kwa nyundo. Mungu asifiwe, aliyewapa watu akili wala hakuwanyima huruma.

Mwaka ukageuka. Mavuno yakaja, makavu na mazuri. Limbuko likajazwa kikapuni, wakaimba, wakatembea. Wakafika pale barabara inapogawanyika njia tatu: moja kwa Tumwitike, moja kwa Sekela, moja kwa Ambakisye. Mbebaji akasimama. Wakamtazama Bibi Atupele, mtunza mbegu wa bonde, ambaye ndiye hutaja jina.

Bibi Atupele akasema, "Nina mdomo mmoja na majina matatu. Wenyewe waseme."

Dakta Lutufyo akajitokeza wa kwanza, akakohoa. "Kwa kuwa kompyuta nilizinunua mimi..."

"Dakta, rudi nyuma!" umati ukaangua kicheko. "Hata aliyeuza nyungo angekuja!" Dakta naye akacheka, akarudi nyuma.

Tumwitike akasema, "Mimi sijiombei. Nilikula ugali tu, na kula si kazi. Namwombea Zefania. Yeye ndiye aliyejua nuru ya ugonjwa na nuru ya uzima. Asingetengeneza, dada Sekela angeandika chini ya nini? Ambakisye angetafuta nini? Mume wangu hakuacha mtoto. Hili ndilo jina lake la mwisho juu ya nchi. Lipandeni."

Wengi wakalia. Sekela hakulia.

"Wifi, nakuheshimu, na marehemu nilimpenda kama ndugu. Lakini nisiposema mimi, nani atanisemea? Mtunza ghala huimbwa lini? Mumeo alikizika kijenzi kile kabla hajazikwa yeye mwenyewe. Alikiita jina la mzaha, akaondoka. Niliagizwa nikifute. Nisingekataa, leo kisingekuwapo. Nisingeandika, kingekuwapo na kisingeonekana, na kitu kisichoonekana hakishibishi mtu. Hata lile neno la kupepeta ni langu. Hata jina la Zefania, wifi, lilisomwa mkutanoni kwa sababu mimi niliandika."

"Kweli!" wakasema wengine.

Ambakisye akafuta jasho. "Mama zangu, mtanisamehe. Kijenzi kilikuwapo, maelezo yalikuwapo, na vyote vilikuwa vimekaa. Watoto walikufa na vyote vimekaa. Sisi wataalamu wote tuliketi juu ya dawa tukitengeneza dawa. Ni mimi niliyeweka kibarua changu mezani nikainama kutafuta. Nilitafuta nikakosa, na ningeweza kuishia pale. Nikabadilisha swali. Nikakitoa kwenye karanga nikakileta kwenye mahindi. Nisingekitafuta, Jumamosi ingekuwa majivu."

"Mwanangu," Tumwitike akamwambia, "aliyeokota hakupanda."

"Mama, na aliyepanda asipovuniwa, huoza."

Mzee mmoja mkorofi akapaza sauti kutoka nyuma, "Haya, tukimpa Zefania, nani ataitika? Maiti atasema 'Nimepokea'?"

Watu wakaguna kwa aibu. Tumwitike akamgeukia taratibu.

"Nitaitika mimi. Alipokuwa hai, wageni wakibisha hodi nilimwitikia. Sijaacha."

Ndipo Sekela akamshika mkono. "Basi kwa nini usiombe kwa jina lako? Mimi, Ambakisye na marehemu tuliipa Lugunda jibu. Wewe ndiye uliyewafanya wakubali. Ulichoma chakula chako mwenyewe. Bila wewe, kijenzi kingekuwa sahihi na vihenge vingekuwa majivu."

"Niliamini mkono wa mume wangu."

"Lakini ini lilikuwa lako, wifi."

Bibi Atupele akawatazama mmoja baada ya mwingine: yule aliyetafuta, yule aliyetunza, yule aliyekula, na kando ya huyo ile nafasi tupu ya yule aliyetengeneza. Akainua mkono. Waimbaji wakaanza tena, kwa nguvu, kwa furaha, wanaume chini na wanawake juu, vilima vikawarudishia. Waliimba kila ubeti. Sasa wimbo umefika mwisho wake, sauti zimepanda na zinasubiri jina moja. Kikapu kiko kichwani na shingo ya mbebaji inatetemeka. Bibi Atupele amefungua kinywa.

Haya, ninyi mliosikia yote: limbuko haligawanywi, na mlango ni mmoja. Je, nani alistahili kuitika, "Nimepokea"?